Usalama wa mtandao uanzie kwa mfanyabiashara wa mpakani

Mwishoni mwa Julai 2023, mfumo wa eCitizen, ambao Wakenya huutumia kuomba na kulipia huduma za Serikali, ulishambuliwa. Kundi linalojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Serikali ilikiri kuwapo kwa shambulio hilo, ikasema hakuna taarifa zilizopotea. Hata hivyo, maombi ya viza yalikwama, na ununuzi wa tiketi za treni na wa umeme wa kulipia kabla ukasumbua.

Kwetu sisi wa mpakani somo lilikuwa wazi: mtandao ukianguka Nairobi, mzigo unaweza kulala Namanga.

Tuseme ukweli, Kenya haijalala. Ina sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018, sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019, na kituo cha kitaifa cha kushughulikia matukio ya mtandao chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Vyuo vyake vinafundisha vijana kazi hiyo. Lakini ujuzi huo ukitoka chuoni huishia kwenye mabenki na wizara. Haumfikii mama anayevusha vitunguu kutoka Tanzania, ambaye simu yake ndiyo benki na ndiyo daftari la madeni.

Mwizi wa mama huyu hahitaji kuvunja kompyuta. Hupiga simu akijifanya mhudumu wa kampuni ya simu, akaomba namba ya siri. Au hutuma ujumbe wa uongo kwamba malipo yameingia, mzigo ukashushwa bure. Mtaji wa msimu mzima huondoka hivyo. Na fedha ikishavuka mpaka, mlalamikaji huzungushwa: huku anaambiwa aende kule, kule anaambiwa aanzie kwao.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, mafunzo yaletwe mpakani, kwa Kiswahili, kupitia vyama vya wafanyabiashara wadogo na vituo vya pamoja vya mpaka kama Busia na Namanga. Pili, polisi na kampuni za simu za pande zote mbili wawe na dawati moja la kupokea malalamiko na kuzuia fedha mara moja, maana fedha ya wizi hutolewa kwa dakika chache. Mkataba wa Malabo wa Umoja wa Afrika kuhusu usalama wa mtandao, uliopitishwa mwaka 2014, ulianza kutumika Juni 2023. Ushirikiano unaozungumzwa humo uonekane kwenye dawati hilo.

Wakati tukisubiri, tujilinde. Namba ya siri usimpe mtu yeyote, hata akikutajia jina lako kamili. Kabla ya kushusha mzigo, angalia salio lako mwenyewe. Usiridhike na ujumbe.

Jumuiya imetujengea barabara na vituo vya forodha. Sasa itulinde na kwenye simu, maana biashara yetu imehamia humo.