Mpunga Nao Una Alama za Vidole

Kila askari anaijua thamani ya alama za vidole. Shahidi aweza kuhongwa, kutishwa au kusahau. Alama iliyobaki juu ya kioo haihongeki. Ushahidi wa namna hiyo sasa hutumika pia dhidi ya walanguzi wa chakula.

Mwaka 1984, Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, aligundua kwamba katika DNA, yaani maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya kila kiumbe, mna vipande vinavyojirudia mfululizo, na kwamba idadi ya marudio hayo hutofautiana baina ya mtu na mtu. Ugunduzi huo ndio uliomnasa muuaji Colin Pitchfork, aliyehukumiwa mwaka 1988. Mwaka huo huo ulichapishwa uchunguzi ulioonyesha kuwa kipimo kilichotokana na DNA ya binadamu chaweza kutofautisha hata aina za mpunga.

Faida yake imedhihirika katika biashara ya basmati, mchele wa kunukia unaolimwa India na Pakistan. Kwa kuwa bei yake ni ya juu, wadanganyifu huuchanganya na mchele hafifu, na jicho peke yake haliwezi kuthibitisha hila hiyo. Katika ripoti ya mwaka 2004, Uingereza ilieleza kuwa kati ya sampuli 363 zilizopimwa, asilimia 54 tu ndizo zilizokuwa basmati tupu. Aliyedhulumiwa hapo si mnunuzi peke yake, bali pia mkulima aliyepanda mbegu halisi.

Hata hivyo, yapasa ikumbukwe kwamba kipimo hiki hutaja mbegu, hakitaji shamba. Mbegu moja ikipandwa pande zote mbili za mpaka, alama yake ni ile ile. Kwa hiyo, India ilipouomba Umoja wa Ulaya mwaka 2018 haki ya pekee ya jina la basmati, na Pakistan ikapinga, maabara haikuweza kuumaliza ugomvi huo.

Funzo kwa walinzi wa sheria ni dhahiri. Sampuli isiyotiwa lakiri, au gunia lisiloandikiwa lilikokamatwa, huifanya maabara iliyo bora kabisa kuwa bure mbele ya hakimu. Sayansi husema kweli juu ya punje iliyoletwa. Kuthibitisha ilikotoka ni kazi ya askari.