Mwanafunzi Arudi Nyumbani Awe Karani

Elimu ya chuo kikuu katika nchi yetu ilianza ndani ya nyumba ya Chama. Tarehe 25 Oktoba, 1961, majuma machache kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wasiozidi 14, wote wa sheria. Kwa hiyo mkulima wa Newala au mfanyakazi wa Masasi anapomtafutia mwanawe nafasi ya chuo kikuu hapaswi kujiona mgeni mlangoni.

Hata hivyo, mlango huo ungali mbali naye. Tangu mwaka 2017 kila mwombaji hupeleka maombi yake moja kwa moja kwa kila chuo anachokitaka, kwa njia ya mtandao. Akikosea jina, likatofautiana na lile la cheti, anapata taabu. Akichaguliwa na vyuo viwili, asithibitishe kimoja kwa wakati, nafasi inampotea. Kuuliza si ujinga, lakini kijana wa kijijini amwulize nani?

Liko na jambo la fedha. Mwaka 2024 maombi ya awamu ya kwanza yalifunguliwa katikati ya Julai, yakafungwa Agosti. Mnada wa kwanza wa korosho wa TANECU ulifanyika Oktoba. Basi ada ya maombi ya chuo na ya mkopo hudaiwa wakati mkorosho ungali na maua, na mfuko wa mzazi ni mtupu. Kijana huyo hakushindwa mtihani. Ameshindwa na kalenda.

Wala tusiambiwe kwamba akili hazipo. Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938, akasoma Ndanda, akahitimu Makerere mwaka 1962, na mwaka 1966 akashika kalamu ya uhariri katika magazeti ya Chama. Wako wengine wengi wenye akili, ila hawana wa kuwaonyesha njia.

Wazee watakumbuka Azimio la Musoma la Novemba 1974. TANU iliamua kwamba kijana amalize kidato cha sita, atumikie Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi, ndipo aingie chuo kikuu akiwa na ushuhuda wa mwajiri wake na wa Chama. Utaratibu huo ulilegezwa baadaye, na hatuombi urudi. Lakini maana yake tunaitaka: msomi na mfanyakazi wasitengane. Wakati ule mfanyakazi alifanywa mwanafunzi. Leo na tumfanye mwanafunzi mfanyakazi.

Shauri letu ni hili. Ofisi za udahili za vyuo vyetu ziajiri, kwa ujira wa kiasi, wanafunzi wanaotoka wilaya hizi, wafanye kazi ya ukarani nyumbani kwao katika miezi ya maombi. Wanaokwenda kwenye mafunzo kwa vitendo waachwe waende; waliobaki watatosha. Aliyepita njia hiyo mwaka jana anajua mashimo yake yalipo, na ataweza kumweleza mama mzazi kwa Kimakonde au Kiyao pale Kiswahili cha ofisini kinapomshinda. Matawi ya Chama yatoe chumba, meza na kiti, na kila mwananchi ahudumiwe bila kuulizwa kadi. Vyama vya msingi vya ushirika, kwa ridhaa ya wanachama wao, vitenge kila msimu akiba ndogo ya kuwakopesha wazazi ada, nao wailipe korosho zikiuzwa.

Tunatoa na onyo. Karani huyo asiwe dalali wa nafasi za chuo. Atakayepokea chai, au kumtanguliza ndugu yake, aondolewe siku hiyo hiyo, na ofisi iliyomwajiri ipewe habari. Kazi yake ni kuonyesha njia tu. Kuchagua si kazi yake.

Ndugu zetu mlioko vyuoni, mlisomeshwa kwa kodi ya wananchi na kwa jasho la shamba la mikorosho. Msirudi likizo kuonyesha viatu vipya. Rudini, mkae mezani, mwulizwe, mjibu. Hilo ni deni, na wakati wa kulilipa ni Julai, kabla maombi hayajafungwa.