"Ni Filamu Tu": Kinga ya Hadhira katika Filamu za Vita

Mhakiki anapobainisha kwamba filamu fulani ya vita imeyapotosha yaliyotukia, aghalabu hadhira humjibu kwa maneno matatu: ni filamu tu. Jibu hili hujitia kuitetea sanaa dhidi ya watu wanaohesabu vifungo vya sare na kukagua miundo ya bunduki. Kwa hakika haliitetei sanaa hata chembe. Linachokitetea ni raha ya mtazamaji, na mtazamaji huyo aliipata raha yake kwa kusadiki kwamba alichokuwa akikitazama kilipata kutokea. Machozi aliyatoa kwa jina la historia. Anapodaiwa hesabu, hukimbilia kwa jina la ubunifu.

Filamu iitwayo Zulu, iliyoongozwa na Cy Endfield na kutolewa mwaka 1964, yafaa kuchukuliwa kama mfano, kwa sababu watetezi wake ni wengi na si wajinga. Inasimulia jinsi wanajeshi wa Uingereza wapatao 150, baadhi yao wagonjwa, walivyokilinda kituo cha Rorke's Drift mpakani mwa Natal mnamo tarehe 22 na 23 Januari 1879 dhidi ya Wazulu kati ya 3,000 na 4,000. Makosa yake yamekwisha kutajwa mara nyingi. Henry Hook, anayesawiriwa kama mlevi na mtegea kazi, alikuwa askari mwenye sifa njema asiyegusa pombe. Imeripotiwa kwamba binti zake, wakiwa wamekwisha kuzeeka, walitoka ukumbini kwa hasira siku ya maonyesho ya kwanza mjini London. Otto Witt, mmisionari wa Kiswidi aliyekuwa bado kijana, amegeuzwa mzee mlevi. Wimbo wa Kiwelishi ambao askari wanaimba kuwajibu Wazulu haukuimbwa. Wala Wazulu hawakurudi mwishoni kuwaamkia adui zao kama mashujaa wenzao. Asubuhi ya tarehe 23 walionekana kwa mbali mlimani, kisha wakaenda zao. Muda mfupi baadaye kikosi cha Lord Chelmsford kikawasili.

Mhakiki anayekomea hapo anastahili kubezwa, na ni haki kulikiri hilo. Orodha ya makosa si uhakiki. Kosa la bunduki na kosa la salamu hayana uzito mmoja, na kuyapanga safu moja ndiko kunakompa mtazamaji mwanya wa kuyacheka yote kwa pamoja. Swala la msingi ni kazi inayofanywa na kosa ndani ya masimulizi. Salamu ile ya mwisho inafanya kazi kubwa mno: inamfanya aliyevamiwa amtunuku mvamizi wake hati ya ushujaa. Isitoshe, imekaa mahali pa jambo jingine. Baada ya mapigano, Wazulu waliojeruhiwa na kuachwa uwanjani waliuawa. Maiti 351 za Wazulu zilihesabiwa, ilhali upande wa Waingereza walikufa watu 17. Filamu imeyaondoa mauaji ya majeruhi, ikaweka wimbo wa heshima.

Kimya kilicho kikubwa zaidi kinahusu chanzo cha vita. Majeshi ya Uingereza yaliingia katika nchi ya Wazulu tarehe 11 Januari 1879, baada ya Sir Bartle Frere kumpa Mfalme Cetshwayo, mnamo Desemba 1878, masharti ambayo mfalme yeyote asingeweza kuyakubali na bado akabaki mfalme. Huyu ni Frere yule yule aliyefika Unguja mwaka 1873 kumshinikiza Sayyid Barghash kuhusu biashara ya watumwa, na ambaye jina lake limebaki Frere Town, Mombasa. Katika filamu hayumo, na masharti yake hayamo. Wazulu wanatokeza juu ya vilima kama nzige, bila sababu. Askari mmoja kijana anauliza kwa nini wao ndio yanayowapata hayo. Anajibiwa kwamba ni kwa sababu wao ndio waliopo pale. Yaani filamu yenyewe inaliibua swali la pekee lenye maana, kisha inalizima kwa sentensi moja, na hadhira husifu ukavu wa jibu hilo.

Watetezi waliosoma hawasemi "ni filamu tu". Humtaja Aristotle: mwanahistoria hueleza lililotokea, mtunzi hueleza lile liwezalo kutokea. Hoja hii ina nguvu, na fasihi ya Kiswahili inaiunga mkono. Ebrahim Hussein, katika utangulizi wa Kinjeketile (1969), alibainisha kwamba Kinjeketile wa tamthilia yake ni kiumbe wa ubunifu, si mtu yule wa historia ya Maji Maji. Aliomba ruhusa hadharani, naye akaitumia. Zulu inafanya kinyume. Inafunguka kwa sauti ya Richard Burton akisoma taarifa ya Chelmsford kuhusu kushindwa kwa Waingereza huko Isandlwana, na sauti iyo hiyo inaifunga kwa kuwataja watu 11 waliotunukiwa nishani ya Victoria Cross. Kazi inayoanza kwa waraka wa serikali na kumalizikia kwenye orodha ya nishani imekwisha kula kiapo. Haiwezi tena kudai uhuru wa ngano.

Hata hadhira haiamini kinga yake yenyewe. Mwaka 2000 Marekani ilitoa U-571, ambamo mabaharia wa Kimarekani wanaiteka mashine ya siri ya Enigma kutoka nyambizi ya Wajerumani. Manowari ya Uingereza, Bulldog, ilikuwa imekwisha kuiteka U-110 pamoja na mashine yake mnamo Mei 1941, miezi kadhaa kabla ya Marekani kuingia vitani. Uingereza ilichukizwa, hata shauri likafika bungeni, na Waziri Mkuu Tony Blair akakubali kwamba filamu hiyo ilikuwa dharau kwa mabaharia waliohusika. Hapo haikuwa filamu tu. Mkuki kwa nguruwe.

Endfield, kwa haki, hakuwa mpiga debe wa ukoloni, na Wazulu wake wana hadhi kuliko Waafrika wa filamu nyingi za wakati ule. Aliipiga filamu yake Natal, chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi, na Mangosuthu Buthelezi akaigiza nafasi ya Cetshwayo, aliyekuwa miongoni mwa mababu zake. Ilipotolewa, serikali ya Afrika Kusini iliwakataza Waafrika kuitazama, kwa hofu kwamba kuwaona watu weusi wakiwaua Wazungu kungewachochea. Wakaguzi hao waliutumikia mfumo dhalimu, lakini katika hili waliisoma filamu kwa makini kuliko mashabiki wake. Waafrika walioruhusiwa kuiona ni Wazulu walioshiriki kuiigiza, katika maonyesho machache maalumu.