Pesa ya sanduku haifungi kesi: njia za sheria kwa familia kisha kifo cha uzembe

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti MV Merdi ilizama kwenye Ziwa Kivu, karibu kabisa na kivuko cha Kituku, muji wa Goma. Watu waliokuwa kwenye ufuko waliiona ikiinama, kisha ikapotea. Ilikuwa inatoka Minova, katika teritware ya Kalehe. Wakati ule vita ilikuwa imekata barabara ya Goma–Minova, na wamama wachuuzi waliokuwa wanapita kwa motoka walibaki na njia moja tu: maji.

Gavana wa Kivu ya Kusini alitaja kwanza watu 278 ndani ya boti na vifo 78. Hesabu zingine zilizokuja nyuma hazikufanana. Lakini kitu kimoja kilirudiliwa na waliopona na viongozi pia: boti ilikuwa imebeba kupita kipimo chake.

Kisha ajali ya namna hii, kwenye matanga tunasikia maneno mawili. La kwanza: "Ni Mungu alipanga." La pili: "Ule mutu ni mukubwa, hatumuwezi." Halafu kunakuja kitu cha tatu. Mjumbe wa mwenye boti, wa mwenye motoka ao wa mwenye kliniki anafika na bahasha, sanduku la kuzikia na mfuko wa maharagi. Katika mkono mwingine ameshika karatasi ya kutia sinyatire.

Habari hii ni juu ya ile karatasi. Haiombi mtu kuacha imani yake, wala kukataa msaada wa kuzika. Inaomba familia ijue kile sheria ya Kongo inaipa mbele ya kuandika jina lake chini.

Sheria inaita nini uzembe

Watu wengi wanafikiri kama mtu hakutaka kuua, basi hakuna kesi. Si kweli. Kitabu cha pili cha Code pénal, artikle 52 na 53, kinahusu "homicide involontaire", maana yake kuua bila kukusudia. Mwenye kosa ni yule alileta kifo juu hakuona mbele, ao hakuchukua tahadhari, hata kama moyoni hakuwa na nia mbaya. Malipizi ni kifungo cha miezi 3 mpaka miaka 2, pamoja na faini.

Hapo kunaingia shofere aliyeendesha akiwa amelewa. Kunaingia mwenye boti aliyeamuru kupakia wakati maji imeshafika kwenye ukingo, na pia agenti aliyeiruhusu iondoke. Anaweza kuingia muganga aliyepatia mgonjwa dawa bila kusoma fishi yake. Mwenye kampuni aliyeacha waya wa umeme ukining'inia juu ya watu naye anaweza kuulizwa. Kinshasa, tarehe 2 Februari 2022, waya wa umeme mkubwa ulianguka kwenye soko la Matadi-Kibala, watu 26 wakakufa. Mvua ilikuwa imenyesha, lakini mvua peke yake haimalizi ulizo la nani alipaswa kutunza ule waya.

Pembeni ya sheria ya malipizi kuko sheria ya kulipa hasara. Ni Code civil, kitabu cha tatu, artikle 258 mpaka 260. Artikle 258 inasema mwenye kuletea mwenzake hasara kwa kosa lake analazimishwa kuilipa. Artikle 259 inaongeza uzembe na kukosa uangalifu. Artikle 260 inasema mtu anajibu hata kwa kosa la wale anaotumikisha, na kwa vitu vyenye viko chini ya ulinzi wake.

Hii ya mwisho iko na maana kubwa kwetu. Katika ajali nyingi, shofere ao kapiteni anakufa pamoja na abiria. Wajumbe wanakuja kusema: "Mwenye kosa amekufa, kesi imekufa naye." Ni kweli hakuna mtu anahukumu maiti. Lakini bosi aliyemtuma iko hai, na artikle 260 inamfikia.

Njia ya kwanza: kupitia parke

Hii ndiyo njia inayotumiwa zaidi. Familia inaandika mashtaka na kuyapeleka kwa polisi ao kwa parke. Andika kwa karatasi mbili, na ya pili irudi kwako na tampo ya kupokelewa. Parke inafanya uchunguzi, inaita mashahidi, na inaweza kuomba muganga apime maiti. Kisha inapeleka dosie kwa tribinali. Sababu kifungo hakipiti miaka 5, tribinali ya kwanza kwa kosa hili ni Tribunal de paix.

Hapo ndipo familia nyingi zinapoteza. Wanafikiri parke inaomba feza yao. Hapana. Parke inaombea serikali malipizi. Familia yenyewe inapaswa kusimama na kusema mbele ya tribinali kwamba inajiunga kama "partie civile", ni kusema upande unaoomba malipo ya hasara. Inaweza kufanya vile tangu kesi ifike kwa tribinali mpaka mwisho wa mabishano. Ukikaa kimya mpaka tribinali ifunge mabishano, mshtakiwa anaweza kuhukumiwa na wewe ukarudi nyumbani mikono mitupu.

Omba pia mwenye motoka ao mwenye boti aitwe pamoja na mshtakiwa, kama "civilement responsable". Shofere wa kukodiwa hana kitu. Hukumu juu yake peke yake mara nyingi inabaki karatasi tu.

Kama aliyefanya kosa ni askari ao polisi, dosie inaenda kwa auditora wa jeshi na tribinali ya kijeshi. Kule pia familia iko na haki ya kuomba malipo.

Njia ya pili: kumwita wewe mwenyewe mbele ya tribinali

Kama parke inalala, familia inaweza kumwita mshtakiwa moja kwa moja mbele ya tribinali. Ni ile inaitwa "citation directe", na sheria inaijua vizuri. Lakini hapa hakuna mtu wa kukufanyia uchunguzi, ushahidi wote unatoka kwako. Tena, kama tribinali inaona ulimshtaki bila msingi, anaweza kuomba wewe umlipe. Kwa hiyo usiingie bila avoka.

Njia ya tatu: kuomba malipo peke yake

Familia isiyotafuta kifungo inaweza kwenda kwa upande wa sivili tu, na kuomba alipe hasara. Hii ni njia nzuri dhidi ya kampuni, kliniki, masomo, hata serikali. Kitu kimoja tu: kama kesi ya malipizi inaendelea juu ya kifo kile kile, muzuzi wa sivili atangojea ile imalizike kwanza.

Unaomba nini? Kuko hasara ya mfuko: feza ya hospitali na ya mazishi, mali iliyopotea, na kile marehemu alikuwa analeta nyumbani. Kuko pia uchungu wa moyo, ambao sheria inautambua. Muzuzi ndiye anapima, hakuna bei ya mtu iliyoandikwa popote. Mwenye kuleta risiti na mashahidi anasikilizwa kuliko mwenye kutaja hesabu kubwa bila kitu mkononi.

Kwa motoka na pikipiki, uliza mara moja juu ya asiransi. Asiransi ya kulipa hasara ya watu wengine ni lazima kwa chombo cha moteri cha barabara. SONAS haiko tena peke yake, sheria ya 17 Machi 2015 ilifungulia makampuni mengine mlango. Piga picha ya plake na ya karatasi ya asiransi siku ile ile ya ajali, juu kesho yake inaweza kuwa imeisha kutoka kwenye kioo.

Bahasha na karatasi

Turudie kwenye matanga. Kupokea sanduku na chakula si kosa, na peke yake hakufungi mlango wowote. Desturi zetu zinataka mwenye kuleta msiba aje kulia na wafiwa. Hatari iko kwenye maandishi. Kama karatasi inasema familia "imelipwa yote na haitaomba kitu tena", na mtu mwenye haki ameisaini, muzuzi anaweza kuiona kama mapatano ya kumaliza hasara. Hapo feza ya siku tatu za matanga inakuwa bei ya maisha mazima.

Hata hivyo, mapatano ya namna hiyo yanamaliza sehemu ya malipo tu. Hayafungi mikono ya parke juu ya malipizi. Mtu akikuambia "ulisaini, parke haiwezi tena kitu", anakudanganya.

Kwa hiyo, kama mnapokea msaada, andikeni vile ulivyo: "Tumepokea kiasi fulani kwa kusaidia mazishi. Haki zetu zote zinabaki." Kila upande ubaki na kopi. Na asisaini baba mdogo peke yake kwa jina la wote. Katika sheria ya familia, watoto ndio warithi wa kwanza. Mjane, wazazi na ndugu wanakuja katika kundi la pili. Uchungu wa mjane ni wake, uchungu wa mama mzazi ni wake pia, na kila mmoja anaweza kuuombea malipo kwa jina lake. Shemeji hawezi kuuza kilio cha mjane.

Saa inatembea

Kwa homicide involontaire, mashtaka ya malipizi yanazimika kisha miaka 3 kutoka siku ya kosa. Kama parke ilifanya kitendo cha uchunguzi ndani ya muda ule, hesabu inaanza upya. Ndiyo maana tampo kwenye mashtaka na namba ya dosie ni vya maana: vinakuwezesha kufuata na kuuliza kama kitu kilifanyika. Kwa upande wa sivili sheria inatoa muda mrefu, mpaka miaka 30.

Kwa wafiwa wa Kituku, kama hakuna kitendo chochote kilichofanyika katika dosie, miaka 3 inafika mwanzoni mwa Oktoba 2027. Njia ya sivili itabaki wazi, lakini ushahidi hauna umri wa miaka 30. Mashahidi wanahama, simu zinaibiwa, na vita inaunguza maofisi.

Tena tangu Goma ilipochukuliwa na AFC/M23 mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi wa Februari, mahakama za serikali katika miji ile zilisimama. Wengi wanaona basi hakuna cha kufanya. Kidogo kiko. Sheria inasema kesi ya malipizi inaweza kupelekwa mahali kosa lilifanyika, ao mahali mshtakiwa anakaa, ao mahali alipatikana. Kama mwenye boti ao motoka anakaa Beni, Bunia ao Kinshasa, parke ya kule inaweza kupokea mashtaka yako. Uliza avoka, anza hapo.

Cha kutunza tangu leo

Acte de décès ya état civil, na karatasi ya hospitali yenye kuonyesha sababu ya kifo. Kama mwili haukuonekana, kama ilivyotokea kwa wengi kwenye ziwa, tribinali inaweza kutoa hukumu ya kutangaza kifo. Bila ile, mjane na yatima wanabaki kwenye mlango.

Karatasi ya ndoa na za kuzaliwa kwa watoto. Ndoa iliyofungwa katika familia inatambuliwa na sheria, lakini inapaswa kuandikishwa. Kama haikuandikishwa, tayarisha mashahidi wa mahari.

Tikiti, jeto, risiti, picha, video, mesaji za mwisho za marehemu. Majina na namba za mashahidi wawili watatu. Namba ya procès-verbal ya polisi.

Na kama hamna feza? Kila baro ya maavoka iko na ofisi ya shauri la bure, "bureau de consultations gratuites". Mwenye kukosa uwezo anaweza kuomba karatasi ya "indigence", inayosaidia kuondolewa malipo ya mahakama. Familia nyingi za ajali moja zinaweza pia kuchukua avoka mmoja pamoja. Mjane mmoja ni rahisi kumchokesha. Wajane makumi mawili wenye dosie moja wanasumbua.

Sheria hairudishe mtu. Njia ni ndefu, na kuna wanaoomba "kitu kidogo" kila mlango. Lakini ile boti ingine inayopakiwa asubuhi ya leo, mwenye nayo anajua bei yake. Kama kifo kinalipwa kwa sanduku na mfuko wa maharagi, ataendelea kupakia. Basi bahasha ikifika kwenye matanga yenu, sema asante, pokea cha kuzikia, na kalamu uiache mezani mpaka avoka asome.