Oili Ikimwagika, Usiliwashe Trekta Tena

Ndugu msomaji, wako wengi miongoni mwetu ambao miili yao hufanya kazi Dar es Salaam siku sita za juma, na mioyo yao imebaki shambani. Huyu ana eka zake za mahindi Msata, yule ana mananasi Kiwangwa, na tangu ilipowekwa lami barabara ya Makofia hadi Msata, yenye urefu wa kilomita 64, safari ya shambani imekuwa jambo la asubuhi moja. Basi ndugu wawili au watatu huchanga fedha, wakanunua trekta kuukuu, wakamkabidhi kijana wa ukoo alime shamba lao kwanza, kisha ya majirani kwa malipo. Tuchukue mfano wa Massey Ferguson 135, lile jekundu lililoundwa Uingereza tangu mwaka 1964 hadi 1975, lenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Ni trekta gumu na jepesi kutengenezeka. Hata hivyo, pete moja ya mpira yaweza kuliua kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai.

Pete hiyo ni ya chujio la oili, ambalo wengi tunaliita filta. Katika matrekta mengi ya aina hii filta ni kopo la chuma lenye kiini cha karatasi ndani yake, na bolti moja ndefu hulibana kopo hilo kwenye kichwa chake. Kati ya kopo na kichwa imelazwa pete ya mpira ndani ya mfereji mwembamba. Ukinunua kiini kipya hupewa na pete mpya. Lakini ile ya zamani, ikiisha kupikwa na joto la injini miezi mingi, huwa ngumu na nyeusi kama chuma chenyewe, ikaganda mle mferejini. Mtu akitazama kwa haraka hudhani anaona chuma. Huweka pete mpya juu ya ile kuukuu, akakaza bolti, akawasha, na haoni hata tone. Wenye filta za kisasa za kuzungusha kwa mkono wasitucheke, maana mkasa huo huo huwapata pia, pete ya filta ya zamani inapong'ang'ania kwenye injini.

Injini ikiwa baridi, oili huwa nzito na msukumo wake huwa mkubwa. Dereva akipandisha mwendo, zile pete mbili huteleza, moja ikachomoka, na pampu iliyowekwa ili kuilisha injini huanza kuimwaga oili ardhini kwa bidii ile ile. Aliye juu ya kiti anatazama jembe nyuma yake. Geji mbele yake imekwisha kushuka hadi sifuri.

Hapo ndipo simu inapokufikia kazini: “Mjomba, shikamoo. Oili yote imemwagika, nimezima.” Maneno utakayojibu wakati huo yana thamani kuliko vipuri vyote vya Gerezani. Wengi wetu, kwa uchungu wa fedha, husema, “Ongeza oili, uwashe tuone kama inagonga.” Usiseme hivyo. Mpwa wako amekwisha kufanya jambo la maana kuliko yote, nalo ni kuzima. Mwulize mambo mawili tu: injini ilikwenda muda gani baada ya geji kushuka, na je, ilizimwa au ilikwama yenyewe? Majibu hayo mwandikie fundi. Karipio liahirishe, kijana aliyekaripiwa sana leo, siku nyingine atamwaga oili akanyamaza.

Yafaa tueleze sababu ya ukali huu. Krenkshafti haigusani na konrodi chuma kwa chuma. Kati yao kuna beringi za vipande viwili vya nusu duara, vyenye uso wa madini laini, na juu ya uso huo hupita utando wa oili mwembamba kuliko unywele, unaosukumwa kwa nguvu ya ratili 30 hadi 60 kwa kila inchi ya mraba. Utando ukikatika, madini yale laini huchubuka, huyeyuka na kujipaka kwenye krenkshafti. Mpaka hapo hasara ni ya beringi peke yake. Ukiwasha tena “tuone,” beringi iliyojeruhiwa yaweza kushikana na krenkshafti ikazunguka pamoja nayo, ikaichimba. Na konrodi ikikatika yaweza kutoboa ubavu wa injini. Hapo hakuna tena matengenezo, bali kutafuta injini nyingine. (Injini za magari ya mwanzo hazikuwa na filta kabisa. Wamarekani Sweetland na Greenhalgh ndio waliobuni ile iliyoitwa Purolator, mwaka 1923. Kabla ya hapo watu walimwaga oili yao kila mara, wala hawakuwa na pete ya kusahau.)

Sasa tufungue. Acha injini ipoe. Kinga oili iliyobaki kwa beseni safi, uichuje kwa kitambaa cheupe. Chembe za kung'aa kama fedha, ambazo sumaku haizinasi, ni uso wa beringi. Chembe za rangi ya shaba zina maana kwamba uso umekwisha na tabaka la chini linalika. Kitambaa kikiwa safi, mshukuru Mungu, lakini fungua vivyo hivyo. Sampo la trekta hili ni la chuma kizito, na sehemu ya mbele ya trekta hapana budi itegemezwe kwa magogo imara kabla ya kulegeza bolti yoyote. Si kazi ya mtu mmoja, wala si kazi ya jioni.

Fungua vifuniko vya konrodi kimoja kimoja, na kila kimoja kitiwe alama ya silinda yake na upande wake, maana vikibadilishana havikai tena. Tazama beringi. Kisha pitisha ukucha wako juu ya krenkshafti pole pole. Ukucha ukiteleza kama juu ya kioo, na maikromita ikithibitisha kwamba krenkshafti haijalika, badili beringi tu. Ukucha ukikwama kwenye mchirizi, krenkshafti itolewe, ifungwe kwenye gunia, ipande basi kwenda Dar es Salaam ikachongwe. Huchongwa kwa vipimo maalumu, robo milimita kwa mara ya kwanza, na beringi hununuliwa nene kwa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo usinunue beringi kabla ya kuchonga, hata kama mwenye duka ni rafiki yako. Ukiwa chini ya injini chungulia pia kuta za silinda, na umwombe fundi akague pampu ya oili, kwani chembe zilizopita humo huacha alama.

Liko shauri jingine utakalopewa, tena kwa sauti ya chini: tia oili nzito sana, mlio wa kugonga utapungua, kisha liuze trekta. Hakika mlio utapungua kwa juma moja au mawili. Atakayelinunua ni mkulima kama wewe, naye amekopa. Nadhani tumeelewana.

Hesabu ya ndugu mliochanga ni nzito, hasa majirani wakiwa wamekwisha kulipa ili walimiwe kabla ya masika. Waambieni mapema. Aliyeambiwa ukweli mwezi wa Februari hupata nafasi ya kutafuta trekta jingine au jembe la mkono. Aliyeambiwa “kesho” mpaka mvua ikanyesha amepoteza mwaka wake mzima.

Wakati wa kufunga, safisha njia zote za oili na kopo la filta. Chukua bisibisi nyembamba au sindano ya kushonea magunia, uchokoe mfereji ule taratibu hadi pete kuukuu itoke nzima, uishike mkononi. Mpwa wako aichokoe mwenyewe, fundi asimame kando. Paka pete mpya oili, uilaze, kaza bolti bila ubabe. Jaza oili, funga dizeli, kisha zungusha injini kwa stata kwa vipindi vifupi mpaka geji ipande. Ndipo uwashe, kwa mwendo wa chini, mtu mmoja akiitazama filta na mwingine geji. Baada ya dakika kumi zima, pima oili, ongeza kiasi ambacho filta imekunywa. Baada ya saa 20 za kazi nyepesi mwaga oili hiyo yote, ubadili na kiini.

Jumapili ijayo tutazungumza juu ya rejeta inayovuja, na kwa nini unga wa pilipili si dawa yake.