Jezi za baiskeli: Je, cherehani za Nakivale zitapata nafasi?

Mashindano ya dunia ya baiskeli yaliyofanyika Kigali Septemba 2025, ya kwanza barani Afrika, yameacha swali la kibiashara: nani atawavisha waendeshaji wa ukanda huu?

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, ustadi wa cherehani upo, na Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaruhusu kufanya kazi. Kikwazo ni kitambaa. Jezi hudai poliesta nyepesi. Mchoro huchapwa kwenye karatasi, kisha joto kali huihamishia rangi ndani ya uzi. Pamba haifai kwa njia hiyo, na mashine hutaka umeme usiokatika.

Tena, klabu ya Mbarara inayoagiza jezi 15 hubeba gharama ya mchoro ambayo oda ya 1,000 ingeitawanya. Mitumba, ambayo Rais Museveni alitangaza kuipiga marufuku 2023, bado ni rahisi zaidi.

Mei 2025, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilisitisha mgao kwa takriban wakimbizi milioni moja nchini Uganda. Fundi aliyekosa mgao hawezi kufungia mtaji wake katika jezi zisizo na mnunuzi. Asipopewa malipo ya awali, atarudi kushona sare za shule.