Picha moja kwa siku yaweza kutuliza moyo

Msomaji, ukipita katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii utaona simu karibu kila mkono. Hutumika kuuliza bei, kutuma pesa na kusoma habari za kutisha hadi usiku wa manane. Ni wachache wanaofikiri kwamba kamera iliyo ndani yake yaweza kuwapunguzia dhiki ya moyo. Mimi naamini yaweza.

Mtu aliyelemewa na mawazo ni nadra kumwambia daktari kwamba ana huzuni. Husema kichwa kinamgonga, kifua kinambana, usingizi umemhama. Tunapima malaria na presha, hatuoni kitu. Mtu huyu hutazama ndizi sokoni asizione, kwa kuwa fikira zake zimo kwenye karo na mkopo.

Kupiga picha moja kila siku humfanya asimame, achague na atazame. Mwaka wa 2018, Liz Brewster wa Chuo Kikuu cha Lancaster na Andrew Cox wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walichapisha utafiti juu ya watu wenye desturi hiyo, waliofuatiliwa kwa miezi miwili. Desturi hiyo iliwasaidia kujitunza, kukutana na wengine na kukumbuka mema. Walikuwa watu wachache, kwa hivyo tusiifanye dawa ya kila kitu.

Je, hii ni anasa ya matajiri? Zamani ingekuwa kweli. Filamu ya picha 36 ilikuwa ghali na kuisafisha kulihitaji pesa nyingine, kwa hivyo tuliiweka kwa ajili ya harusi na mazishi. Siku za kawaida, ambazo ndizo maisha yenyewe, hazikupigwa picha. Leo mwenye simu ya kamera halipii kitu.

Ukitaka kujaribu, fuata haya. Kwanza, piga picha moja tu, ya kitu cha kawaida: fungu la nyanya lililopangwa vizuri, au viatu vya mtoto mlangoni. Mwaka wa 2014, mtafiti Linda Henkel wa Marekani alionyesha kwamba watu waliopiga picha vitu vya makumbusho walivikumbuka kidogo kuliko waliovitazama tu; lakini waliovuta karibu sehemu moja ya kitu hawakupata hasara hiyo. Kwa hivyo sogea karibu, utazame kwanza.

Pili, si lazima uitume kwa watu. Ukianza kuhesabu walioipenda, umerudi kwenye wasiwasi uleule.

Tatu, omba ruhusa. Mama anayeuza mboga si pambo lako. Ukimwambia, "Mama, shikamoo, naomba nipige picha mboga zako," huenda mazungumzo yatakayofuata yakakufaa kuliko picha yenyewe.

Nne, mwisho wa juma, zitazame picha zote saba pamoja na mtu wa nyumbani.

Lakini sikiliza vizuri: picha haitibu sonona. Ikiwa huzuni, au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, kumezidi wiki mbili, nenda hospitali. Ukipata wazo la kujiua, usingoje wiki mbili. Mwambie mtu na uende siku hiyohiyo. Sonona ni ugonjwa kama malaria, na una matibabu.